Maji Yalirudi Yakiwa Moto

Irja Moilanen aliuona mshale wa joto ukianza kupanda kabla gari halijafika nusu ya mlima wa Hietavaara, akatukana kwa sauti ya chini. Lilikuwa tusi moja fupi, ambalo mumewe alikuwa amelisikia kwa miaka thelathini na nane na hakulijali tena. Kisha akafanya kama alivyofanya mara mbili zilizopita. Alifungua hita ya ndani mpaka mwisho ili ivute joto la injini, akapunguza mwendo, akazungusha mkono wa kioo cha upande wake mpaka kikazama mlangoni.

"Shusha na chako, mzee," alisema.

Nje kulikuwa na joto la nyuzi ishirini na tano, mwisho wa Mei, na theluji ya mwisho ilikuwa imeondoka wiki tatu tu nyuma. Ndani ya gari hewa ya moto ilipuliza usoni kama mdomo wa tanuri. Mumewe, Tauno, alishusha kioo chake polepole kwa mkono wa kulia, maana ule wa kushoto ndio ule wanaomchoma sindano hospitalini, na hakuruhusiwa kuuchosha.

"Sauna ya magurudumu manne," alisema. "Ungeniambia ningekuja na ndoo na kata ya kuogea mvuke."

"Nyamaza, uokoe jasho."

"Jasho ndilo kitu pekee ninachotoa siku hizi, mama. Mkojo figo zilishanikataza."

Irja hakucheka. Mshale ulikuwa umegusa alama nyekundu, na mvuke ulianza kufuka pembeni mwa boneti. Akaegesha kando ya barabara, akazima injini, akashuka. Mbu wakamvamia mara moja. Alisimama pale akiwapiga shingoni mwake na kuitazama saa. Tauno alitakiwa kuwa kitandani kwake, ameunganishwa na mashine ya kusafisha damu, saa mbili na nusu. Zilikuwa zimebaki kilomita sabini.

Walifika wamechelewa dakika arobaini. Muuguzi aliandika saa waliyofika.

Ili kuielewa hasira ya Irja siku ile, inafaa kujua kwamba haikuanzia mlimani. Hietavaara, kijiji chao, ilikuwa na zahanati, ikafungwa. Ilikuwa na basi la asubuhi, likaondolewa. Ilikuwa na teksi ya kijiji, ya mtu aliyeijua kila nyumba na kila mbwa, mpaka ofisi ya huduma za wagonjwa ikaamua kwamba ni nafuu teksi zote ziagizwe kutoka mjini kwa simu moja. Novemba iliyopita simu hiyo ilimsahau Tauno kwenye ukumbi wa hospitali kwa saa tatu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki amevaa koti lililolowa, damu yake imetoka kusafishwa muda huohuo na mwili wote unatetemeka, na kila alipouliza aliambiwa gari liko njiani. Irja alipompata midomo yake ilikuwa ya buluu. Tangu siku hiyo alisema hakuna atakayemwendesha mume wake isipokuwa yeye. Mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwenda na kurudi, kwa gari walilolinunua likiwa jipya mwaka ambao binti yao alizaliwa. Binti huyo sasa ana miaka thelathini na minne na anaishi mbali, Oulu.

Lakini Irja hakuwa mwanamke wa kuogopa mashine wala mabomba. Irja alifanya kazi miaka ishirini na saba kwenye mtambo wa joto wa Hietavaara, ule uliochoma mboji iliyokaushwa ya vinamasi na vipande vya miti na kupeleka maji ya moto chini ya ardhi mpaka kwenye shule, duka, zahanati na nyumba mia moja na kumi. Kila zamu alisoma namba mbili: joto la maji yanayokwenda kijijini na joto la maji yanayorudi. Wengine waliitazama ile ya kwanza. Yeye aliitazama ya pili. Kwa namba ile ya maji ya kurudi alijua kama watu wamelala au wanaoga, kama shule imeacha madirisha wazi, kama bomba la mtu limeziba. Maji yakirudi baridi, kijiji kinachukua joto. Yakirudi moto, kuna mahali mlango umefungwa. Aliwahi kumpigia simu mwalimu mkuu saa kumi na moja alfajiri kumwambia kwamba pampu ya chini ya shule yake imekufa, na mwalimu akiwa bado na usingizi akauliza, "Wewe unaionaje kutoka huko?"

Mtambo ulifungwa. Alikuja bwana mmoja aliyevaa viatu vinavyong'aa, akaomba funguo, akamshukuru kwa utumishi wake. Irja alimpa funguo. Mpaka leo anajutia kwamba hakumpa na kitu kingine.

Basi Jumanne hiyo, Tauno akiwa kwenye mashine, Irja alilipeleka gari gereji kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza walibadilisha themostati, kilango cha maji ya injini. Gari likachemsha. Mara ya pili wakabadilisha pampu ya maji. Gari likachemsha. Nyuma ya kaunta alisimama kijana yuleyule, Roope, mwenye fulana safi yenye nembo ya gereji na kucha zisizo na hata tone la oili.

"Mama, hii ni gasketi ya silinda hedi," alisema.

"Umeipima?"

"Dalili zinaonyesha."

"Dalili zipi?"

"Inachemsha."

"Kuchemsha ndiko kulikonileta kwako. Nakuuliza umepima nini."

"Mama, gari hii haina hata mahali pa kuchomeka kompyuta. Nipime na nini?"

"Na mkono."

Roope alimtupia jicho mwenzake aliyekuwa nyuma ya kioo, na mwenzake akainama kuficha kicheko. "Gari yenyewe ni mzee kuliko mimi," alisema Roope.

"Na mimi ni mzee kuliko wewe na gari mkijumlishwa. Bado natembea."

"Sikatai. Lakini kuifungua injini hii hakuna maana. Gasketi, hedi ikachongwe, na sijui tutakuta nini tena. Sisi tunaweza kuichukua bure, ikasagwe iwe chuma chakavu. Unasaini hapa tu."

Akamsukumia fomu. Ilikuwa ya rangi ya kijani kibichi, na juu yake kulikuwa na picha ya jani. Irja aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo ya chini, kisha akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga. Kwa mwanamke ambaye huaga hata mashine za kulipia maegesho, hilo lilikuwa tusi.

Walirudi nyumbani kwa mwendo wa trekta, hita imewashwa, vioo viko chini. Tauno alilala njia nzima, uso umejaa jasho.

Saa kumi na moja jioni simu ililia. Alikuwa Mirva, wa ofisi ya huduma, sauti laini kama ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Bi. Irja, hospitali wameniandikia. Bwana Moilanen amechelewa tena leo. Ni mara ya tatu mwezi huu."

"Najua. Nilikuwepo."

"Kwa hiyo tunaona usafiri wake si wa kuaminika. Habari njema ni kwamba kimepatikana chumba mjini, makazi ya uangalizi, dakika tano kutoka hospitali. Kuanzia Ijumaa."

"Chumba cha nani?"

"Cha Bwana Moilanen."

"Na mimi?"

"Ni chumba cha mtu mmoja."

Irja alitazama nje ya dirisha la jikoni. Tauno alikuwa ameketi kwenye ngazi za sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke, mbele ya ziwa, akifungua mafundo ya wavu ambao huenda asingeutega tena. Alikuwa akifanya hivyo kila jioni. Ndiyo kazi iliyokuwa imembakia.

"Alhamisi akifika kwa wakati, je?" aliuliza.

"Kwa gari lipi?"

"Hilihili."

Ilisikika kalamu ya Mirva ikigonga meza. "Akifika kwa wakati Alhamisi, naweza kuandika kwamba hali imetengemaa. Asipofika, Ijumaa saa nne asubuhi gari letu litakuja kumchukua."

"Kumbe mna gari," alisema Irja.

"Samahani?"

"Gari la kumpeleka hospitali hamna. La kumhamisha nyumbani kwake lipo, na saa yake inajulikana."

Mirva alisema anaelewa kwamba jambo hili linaamsha hisia. Irja akakata simu.

Kahawa ya jioni waliinywa jikoni. Tauno alisema, akitazama ndani ya kikombe chake, "Labda ni heri, mama. Ungepumzika. Ungelala mpaka saa tatu asubuhi kama watu wa mjini."

"Useme hivyo tena nikumwagie hii kahawa."

"Ni ya moto?"

"Ya moto sana."

"Basi sisemi tena."

Jumatano asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, Irja alivaa ovaroli yake ya mtambo, ambayo hakuirudisha pamoja na funguo, akafungua boneti. Hakuanza na spana. Alianza na macho, kama alivyofundishwa na kama alivyowafundisha wengine.

Akafungua kizibo cha rejeta. Maji yalikuwa yamepungua kiasi cha kikombe au viwili, kile kilichotoka na mvuke mlimani. Akaingiza kidole, akakitazama kwenye mwanga: maji safi, ya kijani kwa dawa ya kuzuia kuganda, hayana utando wa oili. Akachomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi, nzito, haina ile rangi ya maziwa inayoonyesha kwamba maji yameingia. Akaongeza maji, akaliwasha gari kizibo kikiwa wazi, akainama kutazama. Kama gasketi imeungua, moshi wa ndani ya silinda hupenya kwenye maji, na maji huchemka mapovu hata yakiwa baridi. Alisubiri dakika tano. Mapovu machache yalipanda mwanzoni, hewa iliyobaki, kisha maji yakatulia. Akaenda nyuma, akaweka kiganja kwenye ekzosi. Hapakuwa na moshi mweupe wala harufu tamu.

"Mpumbavu," alisema kwa sauti.

"Mimi?" Alikuwa Ensio, jirani, akishuka kwenye baiskeli yake. Daktari alikuwa amemzuia kuendesha gari mwezi wa tatu kwa sababu ya mtoto wa jicho, na tangu hapo alizunguka kijiji kizima kwa baiskeli akitoa maoni.

"Si wewe. Bado."

"Nimesikia wanataka kulisaga. Nije na kamba?"

"Njoo na kahawa. Gasketi ni nzima."

"Umejuaje?"

"Nimetazama, jirani. Hilo tu. Mtu mmoja hatimaye ametazama."

Akafunga kizibo, akaliacha gari liungurume. Mshale ukapanda mpaka katikati, mahali pake halali. Halafu feni ya umeme ikawaka. Irja alihesabu. Feni ya gari lisilo na hitilafu huwaka dakika moja, mbili, ikazima. Hii iliwaka dakika tano, kumi. Haikuzima. Na asubuhi bado ilikuwa baridi, kiasi cha kuhitaji sweta.

Ndipo alipofanya jambo ambalo Roope na kompyuta yake hawakulifanya. Alishika mpira wa juu, unaoleta maji kutoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Ulikuwa wa moto mno, akauachia. Akapitisha mkono chini, akashika mpira wa pili, unaoyarudisha maji kwenye injini baada ya kupozwa.

Ulikuwa wa moto vilevile.

Irja alibaki ameinama, mkono hewani. Miaka ishirini na saba ilimrudia kupitia kiganja. Maji yalikuwa yakienda, na yalikuwa yakirudi. Kwa hiyo pampu ilikuwa inasukuma, ile ya zamani labda ilikuwa inasukuma pia, na themostati ilikuwa inafungua. Akapapasa uso wa nyuma wa rejeta, juu, katikati, pembeni: moto sawasawa, hakuna sehemu iliyopoa, kwa hiyo ndani haikuziba. Maji yalipita kila mahali yakarudi na joto lake lote. Hapakuwa na mtu wa kulichukua.

"Mteja hachukui," alisema.

"Mteja gani?" aliuliza Ensio.

"Upepo. Rejeta inauza kwa upepo. Upepo haufiki."

Alizunguka mbele ya gari, akapiga magoti kwenye changarawe. Mfukoni mwake akaikuta ile fomu ya kijani yenye picha ya jani. Akaikunjua, akaishika mbele ya shoo, ile plastiki nyeusi yenye matundu iliyo chini ya taa. Feni ikiwa inavuta kiasi kile, karatasi ilipaswa kunaswa na kushikilia pale kama imegundishwa. Akaiachia.

Fomu ilianguka chini.

Akaiokota, akajaribu tena. Ikaanguka tena, taratibu, kama vile hakuna feni duniani. Irja aliinamisha kichwa mpaka shavu likagusa bampa, akachungulia ndani ya matundu. Weusi mtupu. Si weusi wa rejeta yenye mapezi yake membamba. Weusi laini, unaong'aa kidogo.

Alijua kabla hajashika bisibisi. Alifungua skurubu kwa haraka mpaka ya tatu ikamdondoka. Aliivuta shoo. Nyuma yake, kikiwa kimefungwa kwa waya kwenye pembe zote nne, kilikuwepo kipande kikubwa cha boksi kilichovishwa mfuko mweusi wa taka.

Januari, asubuhi ya nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri, hita ya gari haikutoa joto hata kidogo, na Tauno alirudi kutoka kwenye mashine meno yakigongana. Siku iliyofuata Irja alifanya kama baba yake alivyofanya, na kama kila mtu wa Hietavaara afanyavyo baridi ikizidi: alikata boksi la ndizi, akalivika mfuko, akalifunga mbele ya rejeta ili injini ipate joto haraka. Kila mwaka alilitoa mwanzoni mwa Mei, siku ileile anayobadilisha matairi ya theluji. Akiwa amekaa chini na spana, gari limeinuliwa, mkono huenda wenyewe kwenye shoo. Lakini mwaka huu, mwanzoni mwa Mei, Tauno alilazwa kwa homa ya mapafu, Irja akalala siku tisa kwenye kiti cha hospitali, na matairi yalibadilishwa na Ensio.

"Mimi uliniambia matairi," alisema Ensio, akirudi nyuma hatua moja. "Habari ya boksi hukunitajia."

"Sikukutajia. Najua."

Ensio alitaka kucheka. Ilionekana kwenye masharubu yake. Akamtazama jirani yake vizuri, akaghairi.

"Cheka tu," alisema Irja. Alikaa kwenye changarawe, boksi mapajani. Pembeni lilikuwa bado limeandikwa jina la nchi ya mbali ambako ndizi zilitoka. Alikuwa amemkasirikia kila mtu kwa mwezi mzima, gereji, ofisi, bwana wa viatu vinavyong'aa, na wakati wote mkono uliolifunga boksi ulikuwa wake. Nusura mume wake ahamishwe nyumbani kwake kwa sababu ya kipande cha boksi.

Tauno alitokea mlangoni, ameshika kizingiti. "Mmepata nini huko?"

"Ndizi," alisema Irja.

Akanyanyuka. Hasira haikuwa imepungua. Ilikuwa imegawanyika tu, na fungu lake mwenyewe alilichukua lote bila kulipunguza. Kisha akafanya kazi. Alikata zile waya, akaleta mpira wa bustani, akaimwagia rejeta kwa nyuma kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Ulitoka mchanga wa barabarani, majani ya msonobari na mbu wa mwaka jana waliokauka. Alisubiri injini ipoe, akajaza maji, akafungua hita na kuibinya mipira kwa mkono mpaka hewa yote ilipotoka na maji yakaacha kushuka. Akaishika tena ile fomu mbele ya matundu, feni ilipowaka. Ikanaswa, ikashikilia. Dakika moja na nusu baadaye feni ilizima na fomu ikaanguka.

Mchana walipanda mlima wa Hietavaara mara mbili, yeye na Ensio, bila hita, kwa mwendo wa kilomita tisini. Mshale ulisimama katikati kama umepigiliwa msumari.

"Gari nzuri sana hii," alisema Ensio. "Nani aliiharibu?"

"Kesho nitakuacha utembee bila hata baiskeli."

Alhamisi Tauno alikuwa kitandani kwake hospitali dakika kumi na mbili kabla ya wakati. Irja alisimama mbele ya muuguzi mpaka alipohakikisha kwamba hilo nalo limeandikwa. Kisha akaenda gereji.

Kulikuwa na mteja mmoja, mzee aliyekuwa akisubiri matairi yake. Irja alilitoa boksi kwenye kikapu, akaliweka juu ya kaunta, chini ya pua ya Roope. Mfuko mweusi ulikuwa na mbu waliogandia.

"Hili lilikuwa mbele ya rejeta," alisema. "Nililiweka mimi Januari. Nikalisahau mimi. Kosa la kwanza ni langu, na mbele ya huyu bwana nalikubali. Sasa tuzungumze la pili."

Roope alitazama boksi, akatazama mlango wa ofisi ya nyuma. "Sisi hatukuliweka, mama."

"Sijasema mliliweka. Umelifungua gari langu mara mbili. Ulisimama mbele yake mara ngapi?"

"Pampu inafunguliwa kwa pembeni."

"Sikuuliza pampu iko wapi. Uliinama mara ngapi ukatazama?"

Roope alianza kupanga upya kalamu za kaunta.

"Ulitaka nisaini gari zima likasagwe. Na boksi likiwa ndani. Wangesaga gari na boksi, na wewe ungesema uliokoa dunia."

Mzee wa matairi alikohoa. "Hata mimi langu nililitoa juzi tu," alisema kwa unyenyekevu, bila kuulizwa.

"Unataka nini?" alisema Roope. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Pesa zirudi? Hilo si langu kuamua."

"Njoo nje."

Pengine angekataa kama mzee yule asingekuwa anatazama. Alitoka. Irja aliwasha injini, ambayo bado ilikuwa moto kutoka safarini, akafungua boneti, akamngoja. "Shika mpira wa juu. Polepole, utaungua."

"Moto."

"Na wa chini."

Kijana alisita, akaingiza mkono safi katikati ya vyuma. "Wa chini... vuguvugu."

"Ilipokuwa inachemsha, huu wa chini ulikuwa moto kama wa juu. Kama ungeushika, ungejua ndani ya nusu dakika kwamba si gasketi, si pampu. Hujafundishwa?"

"Shuleni tulifundishwa." Alifuta kiganja kwenye suruali, akasema kwa sauti ndogo, akiitazama injini na si yeye, "Hapa kila gari lina dakika zake, mama. Zinaanza kuhesabiwa nikilifungua. Dakika za kutazama hazina mahali pa kuandikwa."

Irja alitazama mlango wa gereji. Hasira ilikuwepo yote, lakini haikutosha tena ndani ya kijana mmoja mwenye fulana safi. Ilimpita, ikaenda kule nyuma, kwa yule aliyezipanga hizo dakika, na zaidi ya hapo, kwenye ofisi ambazo mtu huhamishwa kutoka nyumbani kwake bila yeyote kufika mlangoni.

"Basi ziandike chini ya kitu kingine," alisema hatimaye. "Lakini tazama." Akafunga boneti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Boksi alimwachia pale kwenye kaunta.

Simu kwa Mirva aliipiga akiwa maegesho ya hospitali.

"Nimeona, nimeona," alisema Mirva. "Amefika kwa wakati. Naandika kwamba hali imetengemaa. Tutaangalia tena vuli."

"Hali gani? Umeiona?"

"Nimeiona kwenye mfumo."

"Njoo uione kwenye meza yangu. Hujawahi kufika Hietavaara tangu uanze kutuandika. Kahawa ipo. Barabara ni ileile ambayo gari lenu lingepita Ijumaa."

Mirva alisema ratiba yake imejaa mpaka Agosti. Irja akasema Agosti ni nzuri, kuna matunda pori, na hakukata simu mpaka aliposikia tarehe ikitajwa na kalamu ikiandika.

Tauno alitoka kwenye mashine akiwa mweupe kama kawaida. Walikuwa wamefika chini ya mlima wa Hietavaara, vioo vimefungwa, aliposema kwa aibu kidogo, "Mama, nasikia baridi. Ukiweza, washa hita kidogo."

Irja aliifungua. Hewa ya moto ikaja, mshale haukutikisika, na gari likapanda.

"Na Januari utafanyaje?" aliuliza Tauno walipokaribia kileleni. "Boksi umeliacha kwa yule kijana."

"Ndizi hazijaisha dukani."

"Na Mei?"

"Mei utanikumbusha wewe," alisema Irja, bado amekunja uso, macho barabarani. "Si utakuwa nyumbani."